ANAYEUMIA ULINGONI NI MFANYAKAZI

Hakuna mchezo uliozusha ubishi mwingi na kuleta maarifa machache kama mieleka ya kulipwa ya Marekani. Popote wanapokutana wapenzi wake, iwe kwenye banda la video, sebuleni kwa jirani au katika ofisi ya walimu wakati wa chai, haupiti muda watu wakawa wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huapa kwamba yale yote ni kweli tupu: mtu kapigwa kiti cha chuma mgongoni, damu imeonekana, ushahidi gani tena unatakiwa? Kundi la pili hucheka kwa kebehi na kusema kwamba yote ni uongo mtupu, mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia, na anayekesha kuyatazama ni mjinga anayependa kudanganywa.

Mwandishi wa makala haya ni mpenzi wa mchezo huo na ni mpenzi wa sinema pia, wala haoni haya kulisema hilo mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, ambao wengi wao ni watumishi wa umma na walimu, watu wa shughuli nzito. Maoni yake ni kwamba makundi yote mawili yanagombania swali lisilo na faida. Swali lenye faida ni hili: yule anayebwagwa chini ni nani, anamfanyia nani kazi, na akivunjika mgongo ni nani anayemuuguza? Tukilishika swali hilo, historia ya mieleka na filamu zilizotengenezwa juu yake zitatufundisha mengi kuliko tulivyotazamia.

MASHINDANO YALIVYOGEUKA MAONYESHO

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865, wapiganaji mieleka walikuwa wakizunguka na maonyesho ya kutembea, yaliyohama mji hadi mji pamoja na wanasesere, wanyama na michezo ya bahati nasibu. Mpiganaji wa maonyesho alisimama jukwaani akatoa changamoto kwa kijana yeyote wa mji ule: atakayestahimili dakika kadhaa bila kubwagwa atapewa fedha. Mara nyingine kijana wa kwanza kujitokeza alikuwa mtu wao wenyewe, aliyepandikizwa katikati ya umati ili kuwatia wengine hamasa ya kucheza kamari. Katika mazingira ya namna hiyo ndipo ulipokomaa mwiko ambao wenyewe huuita keifebu, yaani sheria ya kutomfunulia mtu wa nje kwamba alichokiona kilikuwa kimepangwa.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kusema kwamba hapakuwa na wanamieleka hodari. Mwaka 1908, katika mji wa Chicago, Frank Gotch wa Iowa alikutana na George Hackenschmidt, mtu wa nguvu za ajabu aliyezaliwa Estonia wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya dola ya Urusi. Walishindana kwa muda wa saa mbili hivi, na Gotch akashinda. Walirudiana mwaka 1911 katika uwanja wa Comiskey Park, Gotch akashinda tena, na mpaka leo wenye kuijua historia hiyo wanabishana juu ya goti la Hackenschmidt lililokuwa limeumia kabla ya siku ile.

Tatizo la mieleka ya kweli lilikuwa moja: ilichosha watazamaji. Mwaka 1916, mjini Omaha, Joe Stecher na Ed Lewis walikamatana kwa karibu saa tano, na mwisho wake hakupatikana mshindi. Watu waliolipa fedha zao walikaa chini ya jua wakitazama wanaume wawili wameegemeana kama ng'ombe waliochoka. Mchezo wa namna hiyo haungeweza kuendelea kujaza viwanja. Ndipo katika miaka ya 1920 Lewis huyo huyo, pamoja na meneja wake Billy Sandow na mwenzao Toots Mondt, walipounda kundi la kusafiri lenye mtindo mpya: muda wenye kikomo, miruko, mibwago ya haraka na mshindi aliyepangwa mapema. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba upangaji ulianza na televisheni waelewe kwamba umetimiza umri wa miaka 100.

Televisheni ilileta jambo jingine, nalo ni sura. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alijitokeza George Wagner, aliyejiita Gorgeous George. Alitia nywele zake rangi ya dhahabu na kuzisokota, akavaa majoho ya thamani, na kabla hajaingia ulingoni mtumishi wake alitangulia akinyunyiza manukato ili bwana wake asinuse jasho la watu wa kawaida. Wamarekani walimchukia kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo walinunua tiketi ili wamwone akipigwa. Bondia Muhammad Ali alieleza mara nyingi kwamba alikutana na mtu huyo mjini Las Vegas mwaka 1961, akajifunza kwake kuwa majivuno hujaza ukumbi. Basi wale wote waliofurahia maneno ya Ali kabla ya pambano la Kinshasa la mwaka 1974 walikuwa wakionja tone la mieleka bila ya wao kujua. Lakini Gorgeous George mwenyewe alifariki mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 48, na mali aliyoipata ilikuwa imekwisha. Tuukumbuke mwisho huo, kwa maana katika historia hii utajirudia.

WENYE MCHEZO

Tumezungumza juu ya wanaopigana. Sasa tuwatazame wanaopiganisha. Mwaka 1948 waandaaji wa mieleka wa sehemu mbalimbali za Marekani waliunda umoja wao, National Wrestling Alliance, wakagawana nchi kama watu wanavyogawana shamba: huyu jimbo lake, yule jimbo lake, na asiingie mtu katika eneo la mwenzake. Mwanamieleka aliyemkasirisha mwandaaji mmoja aliweza kujikuta hana kazi kwa wote. Hali hiyo ilizidi kiasi kwamba mwaka 1956 Wizara ya Sheria ya Marekani iliushitaki umoja huo kwa kuhodhi biashara, na waandaaji wakakubali mbele ya mahakama kuacha vitendo hivyo. Mgawanyo wenyewe, hata hivyo, uliendelea kimyakimya kwa miaka mingi.

Aliyeuvunja hakuwa mtetezi wa wanyonge. Alikuwa Vince McMahon, aliyenunua kampuni ya baba yake mwaka 1982 na kuanza kuingia katika maeneo ya wengine kwa kutumia televisheni ya waya. Tarehe 31 Machi 1985 aliandaa onyesho la kwanza la WrestleMania katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Ndani ya ulingo alikuwamo Mr. T, mwigizaji wa sinema, na Muhammad Ali alikuwa mmoja wa waamuzi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1987, Hulk Hogan alimnyanyua na kumbwaga André the Giant, lile jitu kutoka Ufaransa, mbele ya umati ambao kampuni ilitangaza kuwa ni watu 93,173. Hesabu hiyo inabishaniwa hadi leo, lakini hakuna anayebisha kwamba uwanja ulijaa.

Msomaji azingatie yaliyotokea mwaka 1989. Katika majimbo mengi ya Marekani mieleka ilikuwa chini ya usimamizi wa kamisheni za michezo, sawa na ndondi. Usimamizi huo ulikuwa na gharama kwa wenye mchezo. Basi watu wa kampuni ya McMahon walikwenda mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey wakaeleza kwamba mieleka yao si mashindano bali ni burudani. Mwiko uliolindwa kwa vizazi, ambao wanamieleka walikuwa tayari kupigana ngumi mabaa ili kuulinda, ulivunjwa na wenye mchezo wenyewe, na sababu yake ilikuwa fedha. Kwa hiyo ndugu zetu wa kundi la pili, wanaojiona wajanja kwa kusema kwamba mambo yamepangwa, wanatangaza siri ambayo mwenye duka aliitangaza mwenyewe zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Mwandishi Mfaransa Roland Barthes alikuwa amekwisha kulieleza jambo hili vizuri zaidi mwaka 1957, katika kitabu chake Mythologies. Alisema kwamba mieleka si mchezo wa mashindano bali ni onyesho, na kwamba mtazamaji haji kuuliza nani atashinda. Anakuja kuona mateso, ukatili na haki vikiwekwa wazi mbele ya macho yake. Mtazamaji wa sinema wa kwetu angemwelewa mara moja, kwa maana yeye naye hujua tangu mwanzo kwamba stelingi hafi na adui lazima aadhibiwe, na bado anakaa mpaka mwisho akipiga makofi.

MIELEKA KATIKA SINEMA

Undugu wa mieleka na sinema ni wa damu. Huko Mexico, Rodolfo Guzmán Huerta, aliyejulikana kama El Santo, alivaa kinyago cha fedha ulingoni na katika filamu zaidi ya 50, akipambana na majambazi, wachawi na wafu waliofufuka. Filamu zake zilitengenezwa kwa fedha kidogo na haraka nyingi, na kamba za popo zilionekana. Hata hivyo wananchi wa Mexico walimpenda kama mtu wa nyumbani mwao. Alipofariki mwaka 1984 alizikwa na kinyago chake usoni.

Katika filamu zilizoongozwa kwa ustadi, ya kutajwa mwanzo ni Night and the City ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Jules Dassin na kuigizwa mjini London. Humo bingwa wa kweli wa zamani, Stanislaus Zbyszko, anaigiza mzee mwanamieleka anayeichukia mieleka ya maonyesho ambayo mwanawe ndiye mwenye biashara yake. Mzee huyo anakamatana na mpiganaji kijana ndani ya ukumbi usio na watazamaji wa kulipa, anashinda, kisha anakata roho mikononi mwa mwanawe. Dakika zile ni miongoni mwa dakika nzito kabisa zilizowahi kupigwa picha juu ya mchezo huu.

Katika miaka ya 1980 Hollywood iligundua kwamba mwanamieleka ni mwigizaji aliyekwisha kufundwa. Hogan alionekana katika Rocky III ya mwaka 1982. André the Giant aliigiza katika The Princess Bride ya mwaka 1987, na watoto wa dunia nzima wakampenda. Wachache wanajua kwamba wakati wa kutengeneza filamu hiyo mgongo wake ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakuweza kumbeba mwigizaji mwenzake Robin Wright. Binti huyo ilibidi ashikiliwe kwa waya ili ionekane kwamba jitu limempokea mikononi. Mtu huyo huyo, kwa mgongo huo huo, ndiye aliyebwagwa na Hogan mbele ya umati wa mwaka 1987. Katika sinema alitafutiwa waya. Ulingoni hapakuwa na waya.

Filamu ninayoipenda kuliko zote za kundi hilo ni They Live ya mwaka 1988, kazi ya mwongozaji John Carpenter. Mwanamieleka Roddy Piper anaigiza mtu asiye na kazi anayefika Los Angeles na mfuko wa vifaa vyake mgongoni, akapata kibarua cha ujenzi na kulala katika kambi ya maskini. Kwa bahati anaokota miwani ambayo, akiivaa, inamwonyesha kwamba matangazo yote ya biashara mjini yana amri zilizofichwa za kuwataka watu watii, wanunue na walale. Humo mna pigano refu la zaidi ya dakika tano kati ya Piper na Keith David, na sababu yake ni moja tu: mwenzake hataki kuivaa miwani. Wapo waliosema kwamba pigano hilo ni refu kupita kiasi. Mimi nasema urefu wake ndio maana yake. Si rahisi kumfanya mtu aone jambo ambalo kutoliona kunampa usingizi mzuri. Na ni mwanamieleka tu angeweza kulifanya pigano hilo lichekeshe na liume kwa wakati mmoja.

Kinyume chake ni No Holds Barred ya mwaka 1989, ambayo Hogan na McMahon waliigharimia kama biashara yao wenyewe. Filamu hiyo ina kila kitu isipokuwa binadamu. Stelingi hana kasoro, adui hana sababu, na mtazamaji hana la kufikiri. Wenye mchezo walipopewa nafasi ya kujieleza wenyewe kwa sinema hawakuwa na la kusema juu ya kazi ya watu wao.

Waliokuwa na la kusema walitoka nje. Mwaka 1998 ilitoka filamu ya habari za kweli, Hitman Hart: Wrestling with Shadows, ya mwongozaji Paul Jay, inayomfuata Bret Hart mpaka usiku wa Novemba 1997 mjini Montreal, ambapo mwajiri wake alibadilisha matokeo waliyokubaliana na kumnyang'anya ubingwa mbele ya watu wa nchi yake. Mwaka uliofuata ikatoka Beyond the Mat ya Barry Blaustein. Ndani yake Mick Foley anapigwa kiti kichwani mara nyingi, mikono yake ikiwa imefungwa pingu, na kamera inawageukia mkewe na watoto wake wadogo waliokaa mstari wa mbele, wanalia. Watoto hao walikuwa wamekwisha kuelezwa na baba yao kwamba ni maonyesho. Mtu yeyote anayependa kusema kwamba mieleka ni uongo mtupu na aitazame picha hiyo kwanza.

Kisha ikaja The Wrestler ya mwaka 2008, ya mwongozaji Darren Aronofsky, iliyopewa Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice. Mickey Rourke anaigiza mwanamieleka aliyekuwa na jina kubwa miaka ya 1980 na sasa, uzeeni, anauza nyama dukani siku za kazi na kupigana katika kumbi ndogo mwisho wa wiki. Moyo wake umeharibika, binti yake hamtaki, na kodi ya nyumba hajalipa. Kuna sehemu moja fupi ambapo wanamieleka wa zamani wamekaa nyuma ya meza wakiuza picha zao kwa wapenzi wachache waliofika. Anatazama huku na huku na kuona mmoja ana mguu wa bandia, mwingine amesinzia kitini. Hakuna anayesema neno. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo filamu bora kuliko zote juu ya mchezo huu.

The Iron Claw ya mwaka 2023 inaifuata kwa karibu. Inasimulia habari za kweli za ukoo wa Von Erich wa Texas. Baba, Fritz, alikuwa na watoto wa kiume sita. Mmoja alifariki utotoni mwaka 1959. David alifariki mwaka 1984 akiwa safarini Japani kikazi. Watatu walijiua, mwaka 1987, 1991 na 1993. Alibaki Kevin peke yake. Filamu hiyo imemwacha mmoja wao, Chris, kwa kuhofia kwamba msiba ungezidi kiasi cha mtazamaji kuuamini. Hilo peke yake linatosha kutufikirisha: katika mchezo unaoitwa wa uongo, watunga hadithi wamelazimika kuupunguza ukweli ili uaminike.

MWIGIZAJI ANA CHAMA

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maoni haya. Waigizaji wa sinema wa Marekani walianzisha chama chao, Screen Actors Guild, mwaka 1933. Kwa chama hicho, ambacho sasa kinaitwa SAG-AFTRA, walipata viwango vya chini vya malipo, mfuko wa matibabu na pensheni. Mwaka 2023 waligoma kwa siku 118, na makampuni makubwa ya filamu yakalazimika kukaa nao mezani.

Wanamieleka hawana chama. Katika mikataba yao hawaitwi wafanyakazi, wanaitwa wakandarasi huru, kana kwamba kila mmoja wao ana kampuni yake anayoweza kuipeleka kwa mteja amtakaye. Lakini huyu mkandarasi huru huambiwa avae nini, ajiite nani, asafiri lini, ashinde au ashindwe, na katika muda wa mkataba hawezi kwenda kupigana kwingine bila ruhusa. Tuulize kwa unyofu: hapo uhuru uko wapi?

Jaribio lilifanyika. Mwaka 1986, kabla ya WrestleMania ya pili, Jesse Ventura alizungumza na wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akawashauri waunde chama, kwani siku ile hakuna mwajiri ambaye angeweza kuwafukuza wote. Ameeleza mwenyewe kwamba muda mfupi baadaye alipigiwa simu na McMahon akikaripiwa. Hakujua nani aliyepeleka habari mpaka miaka ya 1990, alipoishitaki kampuni kwa kudai malipo yake ya kanda za video. Katika ushahidi wa kiapo McMahon aliulizwa ni nani aliyemwambia, naye akajibu kuwa ni Hogan, yule yule aliyekuwa akipata kuliko wote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ventura alishinda kesi ile mwaka 1994 na kutunukiwa zaidi ya dola 800,000. Mwaka 1987 alikuwa ameigiza katika Predator, akaingia katika chama cha waigizaji, na tangu hapo akapenda kuwaeleza watu tofauti aliyoiona: kazi ya miezi michache katika sinema ilimpa ulinzi ambao miaka yote ya ulingoni haikumpa. Baadaye alichaguliwa kuwa Gavana wa Minnesota, akashika madaraka kuanzia 1999 hadi 2003.

Mwaka huo wa 1999, mwezi Mei, mjini Kansas City, mdogo wake Bret, Owen Hart, alikuwa ashushwe kutoka darini kwa kamba kwa ajili ya kichekesho cha kuingia ulingoni. Kifungo kilifyatuka, akaanguka kiasi cha mita 24, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Onyesho liliendelea. Familia ilikwenda mahakamani, na mwaka 2000 ikakubali kulipwa dola milioni 18. Kitendo kile hakikuwa mieleka, ya kweli wala ya uongo. Kilikuwa kazi ya hatari kama zile zinazofanywa katika filamu, ambako kwa kawaida huwapo wataalamu wa kubadili miili na sheria za chama juu yao.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba wanamieleka ni matajiri, kwa hiyo hawastahili kuhurumiwa. Ni kweli kwamba Dwayne Johnson, aliyeanza sinema na The Mummy Returns mwaka 2001, ni miongoni mwa waigizaji wanaolipwa fedha nyingi sana duniani. Lakini kumtaja Johnson ili kuwanyamazisha wengine ni sawa na kumtaja mkulima mmoja aliyejenga ghorofa ili kuthibitisha kwamba bei ya mazao ni nzuri. Wengi hawakufika Hollywood. Walifika katika meza zile za kuuza picha.

Watakuwapo pia wa kusema kwamba kampuni imejirekebisha. Haki itendeke: baada ya kifo cha Eddie Guerrero, aliyefariki Novemba 2005 akiwa na miaka 38, kampuni ilianzisha mpango wa kupima afya na dawa mwaka 2006, na baadaye ikajitolea kugharimia matibabu ya walevi na watumiaji wa dawa waliowahi kuwa wanamieleka wake. Vilevile imekuwa ikigharimia majeraha ya ulingoni. Hayo ni mema na yasifiwe. Lakini hisani si haki. Kinachotolewa kwa hiari ya mwajiri hutolewa akiwa na moyo mzuri, na huondolewa moyo ukibadilika. Mwaka 2008 wanamieleka watatu wa zamani walikwenda mahakamani kudai kwamba walikuwa wafanyakazi hasa na si wakandarasi. Kesi yao ikatupwa mwaka 2009 kabla haijasikilizwa. Wakati huo huo mchezo wenyewe umezidi kunona. Mwezi Januari 2024 ilitangazwa kwamba kampuni ya Netflix italipa zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka 10 ili kuonyesha kipindi cha kila wiki cha mieleka hiyo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

NENO KWA WALIMU

Pengine msomaji atauliza: haya ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, maonyesho ya namna hii yako Afrika pia. Kinshasa ina wanamieleka wake wa tangu zamani, wanaochanganya mibwago na vitimbi vya uganga, na umati hufunga barabara kuwatazama. Mukono, Uganda, vijana wametengeneza ulingo wa udongo na miti, na picha zao zimeonekana duniani kote. Mpango wa matibabu na mikataba ya vijana kama hao ufikiriwe wakati mchezo ungali mchanga, si baada ya migongo kuvunjika.

Pili, na hili nawaambia walimu hasa, wanafunzi wetu wanaitazama mieleka hiyo na kuiiga uwanjani. Mwalimu anayewaambia kwamba yote ni uongo anadhani anawalinda, kumbe anawahatarisha. Mtoto akiambiwa kwamba mbwago ule ni wa uongo ataelewa kwamba hauumizi, naye atamnyanyua mwenzake na kumtupa chini bila hofu. Tuwaambie ukweli ulivyo: mshindi amepangwa, lakini sakafu haikupangwa. Chini ya turubai lile na godoro jembamba kuna mbao na chuma. Anayeanguka pale amejifunza kuanguka kwa miaka, amekubaliana na mwenzake, na hata hivyo anaamka asubuhi akiwa hawezi kufunga viatu vyake.

Tukiwafundisha hivyo tutakuwa tumewafundisha jambo kubwa kuliko mieleka. Watajua kwamba nyuma ya kila burudani pana mtu anayefanya kazi, kwamba jasho la mwigizaji ni jasho hasa, na kwamba mtu anaweza kushangiliwa na maelfu usiku na asubuhi yake akakosa wa kumlipia daktari. Sisi wapenzi wa mchezo tuendelee kuushangilia, kwa kuwa ni mtamu na umejaa ufundi. Lakini siku nyingine ubishi ule wa kweli na uongo utakapozuka katika ofisi ya walimu, na aulizwe yule anayecheka: kama yote ni uongo, mbona wanaokufa wanakufa kweli, na mbona fedha zinazoingia kwa wenye mchezo si za maigizo?